Nyuma ya Birika Linalojimimina

Kwa ninyi ambao hamkuwa nami wiki iliyopita: naitwa Ruthu. Mchana napika chai katika ofisi moja upande wa Ihumwa, hapa Dodoma. Jioni nasoma kidato cha pili katika ukumbi wa kanisa pale Ipagala, na mjukuu ninaye. Mwalimu alitupa zoezi la kutunga hadithi. Nikatunga. Tangu hapo sijapata amani.

Niliishia pale ambapo akina mama wa jumuiya walijaa sebuleni kwangu na sukari na sabuni, wamekuja kumwona mgonjwa anayeitwa Mzee Joka. Kosa lilikuwa langu. Mwalimu alisema mwandishi lazima awabebe wahusika wake moyoni, nami ninachokibeba moyoni hukipeleka kwenye maombi. Nikasimama katika jumuiya nikasema, "Tumkumbuke Mzee Joka, kifua kinamsumbua." Sikusema kwamba Mzee Joka ana mabawa.

Basi niliwaambia ukweli. Mama Anyesi, kiongozi wetu, aliangalia dari.

"Sasa huyo joka," akauliza, "ameokoka?"

Nikasema bado.

"Basi maombi hayakupotea." Sukari akaniachia. Sabuni aliondoka nayo.

Nilidhani aibu imefika mwisho wake. Kumbe ilikuwa imekaa tu kupumzika.

Hadithi yenyewe iko hivi. Joka mmoja amechoka kupigana vita, anafungua mkahawa chini ya kilima. Jiko lake halizimiki. Maandazi yake yanaumuka yenyewe. Na ana birika linalojimimina: mgeni akiketi, birika linakuja hewani, linamimina chai, linarudi mahali pake. Kila Alhamisi mfalme anapita, anakunywa kikombe, anasalimia watu kwa majina. Hakuna vita, hakuna njaa. Balaa kubwa katika hadithi nzima ni siku moja maandazi yanaungua, na kijiji kinayala hivyohivyo huku kikicheka.

Mwalimu Tumsifu alisema aina hiyo inaitwa njozi tulivu, na kwamba siku hizi inapendwa kila mahali kwa sababu watu wamechoka. Akaiweka kwenye kundi la darasa katika simu. Darasa likaisambaza. Nikaja kuisikia ikisomwa kwa sauti saluni, na msusi akasema mwandishi lazima ni mtu wa Dar es Salaam.

Nikajivuna. Nakiri. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinua kidevu kama twiga wa mbugani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naosha vikombe. Nyuma yangu sauti ya kiume ikasema, "Shikamoo, mama."

Nikageuka. Alikuwa Bwana Ernest, mkuu wetu wa utawala.

Hapa inabidi nieleze. Bwana Ernest ananizidi cheo, mimi namzidi umri. Kwa hiyo tangu aletwe ofisi ile, shikamoo ilikuwa inakaa katikati yetu haina mwenyewe. Yeye anasema "habari," mimi nasema "nzuri bosi," tunaachana. Mkubwa wa kazi akikuamkia ghafla, shika mkoba wako.

"Marahaba," nikasema, na kikombe kikaniponyoka kwenye sinki.

"Mama Ruthu, kumbe tuna mwandishi humu ndani na hatujui? Nimeisoma. Mke wangu ameisoma. Pale mfalme anapokata andazi lake na kumgawia fundi viatu, mke wangu alilia."

"Asante, bosi. Ni Mungu."

"Unajua nilichokipenda? Hakuna kelele. Hakuna mtu anayelalamika. Hakuna kikao. Watu wanakaa, chai inakuja." Akatazama jikoni kwetu, kwenye masufuria, kwenye ndoo, kwenye jiko la mkaa tunalowasha umeme ukikatika. "Nataka tuifanye iwe kweli."

"Tumlete joka?"

"Birika."

Akaniambia. Ameagiza mashine. Itawekwa mwisho wa korido, mahali patakapoitwa Kona ya Utulivu. Kutakuwa na makochi, mito na mwanga hafifu. Mtu anabonyeza, chai inashuka. Hakuna trei, hakuna kugongewa mlango katikati ya kazi.

"Kama ulivyoandika," akasema. "Wazo ni lako, mama. Nitalisema hivyo siku ya uzinduzi mbele ya mgeni rasmi, nawe utaisoma hadithi."

Nikamshukuru. Naomba wasomaji mliangalie hilo: nilimshukuru. Nilimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, nikarudi kwenye sinki, na bado nilikuwa sijaelewa.

Aliyeelewa ni Amina.

Amina ni mwenzangu jikoni, mtu wa Kondoa, mdogo kwangu kwa miaka mingi na mkubwa kwangu kwa maneno. Tuna utaratibu wetu ambao hakuna aliyetupangia. Kuna zamu ya mbele na zamu ya nyuma. Wa mbele anabeba trei, anaingia ofisini, anasalimiwa, anasikia habari, na vitafunwa vinavyobaki kwenye vikao ni vyake. Wa nyuma anachota maji kwenye tangi la uani, anasugua masufuria, anapuliza mkaa. Kila Jumatatu tunabadilishana. Tumegombana kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya dini, na kwa sababu ya nani alivunja bakuli la sukari. Kwa sababu ya zamu hatujawahi.

Wiki hiyo nilikuwa mbele, yeye nyuma. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, amesikia yote.

"Dada Ruthu," akasema, "katika hadithi yako nani anapika chai?"

"Birika."

"Na maji anachota nani?"

"Yapo."

"Yapo." Akatua ndoo. "Dodoma hii, maji yapo tu. Yamekaa yanamsubiri joka." Akacheka mpaka akaikalia ndoo nyingine, akajifuta macho kwa upande wa mtandio. "Watu wengine wanafukuzwa kazi kwa wizi. Sisi tumefukuzwa kwa insha."

"Hakuna aliyesema tunafukuzwa."

"Mashine inamimina chai yenyewe. Sisi tutamimina nini, dada? Machozi?"

Hapo ndipo niliposhuka kutoka kwenye ule utwiga wangu.

Jioni nilifika darasani mapema, nikaomba kidogo, kisha nikanyoosha mkono kabla kipindi hakijaanza. Nikaeleza yote. Mwalimu Tumsifu ni kijana mwembamba mwenye moyo laini. Alishtuka kweli.

"Lakini mama Ruthu, ile hadithi haina siasa hata chembe. Ndiyo uzuri wake."

Kiti cha nyuma kikalia. Alikuwa Yoramu, ambaye huja darasani na sare ya ulinzi kwa sababu akitoka hapo anaingia lindoni.

"Mwalimu, mfalme yumo?"

"Yumo. Ila ni mfalme mwema."

"Nani kamchagua?"

"Ni njozi, Yoramu."

"Sawa. Kwa hiyo hata nikiota, siulizwi." Akanigeukia. "Na wewe, Mama Joka. Kile kiwanja cha mkahawa alikupimia nani? Kabla ya joka kuja, nani alikuwa analima uwele pale?"

Darasa likacheka. Katika mji huu kiwanja si jambo la kuchekesha, ndiyo maana tulicheka kwa nguvu.

"Palikuwa wazi," nikasema.

"Hata shamba la mama yangu walisema lilikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama katikati yake na jembe."

Kicheko kikakatika.

Mwalimu Tumsifu akaweka chaki chini. "Yoramu, mtu aliyetoka kazini hoi ana haki ya hadithi isiyomchapa. Unataka kila hadithi iwe mkutano wa kijiji?"

"Mimi? Hapana, mwalimu. Hadithi nimeipenda. Nimeisoma lindoni nikasahau baridi." Aliongea taratibu, bila mzaha sasa. "Ndiyo maana nauliza. Kama pale ni patamu hivi, mbona sisi hatumo? Mlinzi hayumo. Mpika chai hayumo. Mchota maji hayumo. Mfalme yumo."

Nikasimama kujitetea. Nikasema niliiandika miguu ikiwa imevimba. Kutwa nzima nimeona ndoo, nikafunga macho nisali nikaona ndoo, nikashika kalamu nikasema, angalau hapa ndoo isiingie. Nilitaka mahali ambapo chai inajipika na mimi nimekaa.

"Na umekaa wapi?" Yoramu akauliza. "Kwenye hadithi. Nionyeshe kiti chako."

Nikafungua mdomo. Nikawapitia wote kichwani: joka, mfalme, fundi viatu, bibi mwenye paka. Nilikuwa nimewapa wote viti. Mimi sikuwamo hata kwenye benchi la nje.

"Hapo ndipo shida ilipo," Mwalimu Tumsifu akasema, kwa sauti ya mtu anayejifunza jambo pamoja na wanafunzi wake. "Wewe uliota ndoo imeondoka. Bosi wako amesoma maneno yaleyale, akaona mbeba ndoo ndiye aliyeondoka. Ongeza sura moja, mama. Mtie ndani."

Basi Jumamosi, baada ya kufua, nilimtia.

Katika sura mpya, Alhamisi moja mfalme anamwaga chai kwa bahati mbaya. Mkono unatokea na kitambaa, unafuta meza. Mfalme anaukamata ule mkono, na kwa kuukamata anamwona mwenye mkono. Kumbe birika halikuwa linaruka. Siku zote lilikuwa limeshikwa na mwanamke, na watu walikaa muda mrefu bila kumtazama mpaka macho yao yakasahau namna ya kumwona. Mfalme anamuuliza, "Umekuwa hapa tangu lini?" Mwanamke anajibu, "Tangu maji ya kwanza."

Niliiombea ile sura. Nilisema, Baba, wewe unayeona sirini, mpe Bwana Ernest miwani.

Jumatatu iliyofuata nikampelekea. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akakaa. Akatoa kitambaa, akajifuta pua.

"Mama Ruthu, umenimaliza."

Moyo wangu ukainuka. Nikasema kimoyomoyo, Bwana apewe sifa.

"Hii ni nzito sana," akasema. "Lazima iingie kwenye Kona. Tutaiweka."

"Tutaiweka vipi, bosi?"

"Sura yako. Tutabandika sura yako kwenye mashine. Umevaa kilemba, unatabasamu. Chini yake tunaandika: Chai ya Mama. Watu wakumbuke."

Mtu anaponiheshimu kwa namna ambayo siielewi, huwa nasubiri.

"Na hii sura mpya nitaisoma siku ya uzinduzi?"

"Hapana, soma ile ya kwanza. Hii haina haja ya kusomwa tena, mama. Imeshakuwa picha."

"Na kazi yangu?"

Akainuka, akafunga mlango. Bosi anayefunga mlango kwa ajili ya mpika chai ni jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Alisema mashine imefika, ila ina tatizo. Bomba la maji halifiki ile kona. Fundi amesema dawa yake ni kusimamisha ukuta wa plaiwudi nyuma yake. Nyuma ya ukuta akae mtu mwenye ndoo na faneli, amimine maji kwenye mpira unaoingia kwenye mashine. Mbele, chai itashuka.

"Kwa hiyo kuna mtu," nikasema.

"Kuna mtu, lakini haonekani. Ukimwona, raha inapotea. Wewe mwenyewe ni mwandishi, unajua."

Kisha akasogeza kiti. Mwisho wa mwezi mikataba yetu inaisha, wangu na wa Amina. Utaendelea mmoja.

"Nimekupigania wewe. Utakuwa Mama wa Utulivu. Kitenge kizuri, kiti pale kwenye Kona, wageni wakija unawasomea, unatabasamu. Huna ndoo tena. Si ndicho ulichokiota?"

"Na Amina?"

"Siku ya uzinduzi atasimama nyuma. Baada ya hapo kampuni ya usafi italeta mtu wao. Ila usimwambie sasa hivi, mama. Tusiharibu utulivu."

Nikasema nitaliombea.

"Liombee," akasema Bwana Ernest. "Ila jibu liwe ndiyo."

Wasomaji wangu, niliomba. Niliomba kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka huku ameshavaa viatu. Nilimweleza Mungu habari za mtihani ulio mbele yangu, habari za miguu yangu, habari za bati linalovuja. Nilimweleza jinsi nitakavyokuwa ushuhuda nikiwa nimeketi pale kwenye Kona. Nilieleza mpaka magoti yakaniuma.

Sikumtaja Amina. Nilidhani nisipomtaja hatakuwemo. Nilipokuwa nasema amina ya mwisho, jina lake likanikwama mdomoni, na nikaona kwamba hiyo ndiyo namna niliyoitungia hadithi yangu tangu mwanzo.

Niliona. Lakini kuona na kuacha ni majirani wasiotembeleana.

Maana nilirudi jikoni na kusema hivi: "Amina, wiki hii nikae mbele mimi."

Alikuwa ameshika trei tayari, ameshaifuta. Ilikuwa bado Jumatatu ileile. Zamu ya mbele ilikuwa yake.

"Si ulikuwa mbele wiki iliyopita?"

"Ni kwa ajili ya uzinduzi tu. Nitasoma."

Akanitazama. Kisha akaniwekea trei mikononi, polepole, kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshike.

"Sawa, dada. Wiki mbili za nyuma hazijaua mtu. Wamesema nitasimama kwenye kiboksi chao cha plaiwudi, nimimine maji. Baada ya hapo tutaona, eti?"

"Tutaona," nikasema.

Hilo neno moja ndilo dhambi yangu ya wiki hii. Nimetafuta kubwa zaidi sijaipata.

Siku ya uzinduzi Amina alifika na pasi yake ya mkaa kutoka nyumbani, kwa kuwa alijua sina. Alininyooshea kitenge juu ya meza ya jikoni. Akanifunga kilemba kwa mikono yake, akakikaza, akarudi nyuma kukitazama, akakikaza tena.

"Kaa wima. Mwandishi hainami." Akanigonga mgongoni. "Na ukisoma, usimeze maneno kama unavyomeza maandazi ya kikao."

"Amina."

"Nini?"

Nikasema, "Asante."

"Nenda huko. Unaniharibia wanja."

Kona ilikuwa imependeza, siwezi kusema uongo. Makochi ya kijani, mito, zabibu kwenye sahani. Ukuta wa plaiwudi walikuwa wameuchora kilima, na juu ya kilima joka ameshika kikombe. Katikati ya kilima ndipo ilipokaa mashine. Na juu ya mashine nilikuwepo mimi, nimecheka meno yote, kichwa kikubwa kama boga.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Wafanyakazi walijipanga. Bwana Ernest akaniomba nifungue kwa sala. Nikafungua. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya umoja na upendo, na kutoka nyuma ya ubao nikasikia mtu akikohoa.

Bwana Ernest akasimama karibu na ukuta. Mpango ulikuwa huu: mgeni rasmi akibonyeza, yeye anagonga ubao kwa kisigino, Amina anamimina.

"Mheshimiwa," akasema, "hii ni konsepti ya nyumbani kabisa. Imezaliwa kwenye kalamu ya mama yetu huyu. Chai inajimimina. Haina trei, haina usumbufu, haina mtu."

"Haina mtu kabisa?" akauliza mgeni rasmi.

"Kabisa."

Watu wakapiga makofi. Nikafungua karatasi zangu. Nikasoma habari za joka aliyechoka vita, za jiko lisilozimika, za bibi mwenye paka. Niliwaona mabega yao yakishuka, nyuso zikilegea. Mhasibu wetu, ambaye hajawahi kujibu salamu yangu, alifumba macho kama mtoto. Hata wakati ule, wasomaji, niliipenda hadithi yangu. Hilo sitalikana.

Nikafika kwenye mstari wenyewe. "Na mgeni alipoketi, birika likaja lenyewe, likamimina."

Bwana Ernest akampa ishara mgeni rasmi. Mgeni rasmi akaweka kikombe, akabonyeza.

Kisigino kikagonga ubao.

Kikombe kikabaki kikavu.

"Inapata moto," akasema Bwana Ernest.

Mgeni rasmi akabonyeza tena. Kisigino kikagonga kwa nguvu zaidi. Joka la kwenye plaiwudi likatikisika. Chai haikushuka.

Nikausoma ule mstari tena, kwa sababu sikujua la kufanya. "Na mgeni alipoketi, birika likaja lenyewe, likamimina."

"Mbona haimimini?" akauliza mgeni rasmi. Akainama, akachungulia kwenye kitundu.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kilima. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ileile anayoniombea kiberiti asubuhi.

"Dada Ruthu."

Mgeni rasmi aliruka nyuma, miwani ikamteleza. "Inaongea?"

"Ni ya kisasa," akasema Bwana Ernest.

Katika safu ya nyuma, mfanyakazi mmoja akacheka kidogo, akajizuia. Nikajua kwamba Amina anajua habari ya mkataba. Nani alimwambia sijui. Pengine fundi wa plaiwudi. Pengine lile "tutaona" langu lilimwambia lenyewe. Na kama alijua asubuhi ile, basi alijua wakati ananifunga kilemba.

"Dada Ruthu," mashine ikasema tena, na picha yangu juu yake ikiendelea kucheka. "Wiki hii zamu ya mbele ni ya nani?"

Bwana Ernest alinitazama huku akitabasamu kwa meno peke yake, na kichwa chake kilikuwa kinasema hapana, taratibu, kushoto na kulia. Mwisho wa mwezi wangu ulikuwa ndani ya kile kichwa. Kilemba kilinibana masikio.

Mgeni rasmi akaweka miwani yake sawa. Akautazama ukuta. Akaitazama picha. Kisha akanigeukia mimi, kikombe kitupu mkononi.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "unaulizwa."